Sindano na Uzi: kipochi cha bibi, karata, na picha iliyotoka kama sambusa

Haya wapenzi wasomaji tumekutana tena. Mara hii barua zilikuwa tele na nyingi zinauliza yale yale ya kofia, hizo nimeziweka kando kidogo mtanisamehe, maana kuna barua moja ya Pemba imenishika mpaka nimeisoma mara tatu na chai ikapoa. Naanza na hiyo na nitaijibu kwa kirefu, wengine mtapata kilichobaki.

*Assalaam alaykum Shangazi. Mie nipo Wete, kazi yangu kushona kofia tokea niko skuli. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alinionesha kwenye simu watu wanafuma ukanda kwa vibao vidogo vya mraba vina matundu manne, wanavigeuza geuza tu na ukanda unatoka, wallahi nilipagawa. Nkakata maboksi ya maziwa nkajifunza na sasa nnafuma vizuri tu. Kabla ya hapo nilikuwa nshajifunza kufuma picha kwa sindano, ile unatanda nyuzi kwenye boksi gumu halafu unapitisha sindano juu chini juu chini mpaka inakuwa kitambaa chenye picha. Sasa bibi yangu mzaa mama yuko Konde, ndo alonilea na ndo alonifundisha kushika sindano na kusuka ukili, inshaallah anakwenda Umra na mjomba baada ya wiki sita. Nataka nimfanyie kipochi cha kuvaa shingoni atie miwani yake na tasbihi, maana hiyo miwani kila siku tunaitafuta nyumba nzima kumbe iko kichwani kwake. Nimefuma picha ya karafuu kwa sindano, nkafuma na ukanda, nkaushona pembezoni kwa mkono. Shangazi kimetoka kioja. Picha imebanwa katikati kama kiuno cha nyigu, ukanda umefanya mawimbi, mdogo wangu kakitizama kasema mbona kama sambusa ilopasukia kwenye mafuta. Nambie, niache kimoja? Au kuna njia hivi viwili vikakaa pamoja kama watu?* — Mshona Kofia, Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Huyo mdogo wako mwambie nimecheka lakini akianza na yeye kushika sindano ndo atajua sambusa ni nini. Usiache kimoja. Kama nimekufahamu vizuri wewe umefuma picha mpaka ikesha, ukafuma ukanda mpaka ukesha, halafu ndo ukavikutanisha, yaani umevifungisha ndoa ya mkeka, havijuani na hakuna aliyeulizwa, sasa unashangaa vinagombana?

Tizama kwanza vitu hivi viwili vilivyo. Kwenye kila kitu cha kufuma kuna mtande, ndo zile nyuzi ulizozivuta mwanzo, na kuna mshindio, ndo uzi unaopita katikati yake kwenda na kurudi. Kwenye picha yako ya sindano mshindio ndo unaoonekana wote, rangi zote za karafuu na majani ni mshindio, mtande umefunikwa kabisa humo ndani. Kwenye ukanda wa karata ni kinyume chake, kila rangi unayoiona ni mtande, na mshindio umejificha, unachungulia kidogo tu pembeni pale unapogeuka. (Mie naviita karata hivyo vibao, maana wengi tunavikata kwenye karata za kuchezea, nitalirudia hilo chini.) Kwa hiyo umechukua kitambaa kinachopenda kujibana kwa upana ukakishona na ukanda usiovutika hata kidogo kwa urefu. Lazima mmoja atakunja uso.

Tutengeneze kimoja kimoja.

Kiuno cha nyigu kinatokana na mkono wako kuvuta. Wewe ni mshona kofia, mkono wako umezoea kukaza na kwenye kofia ndo sifa, lakini huku kukaza ndo kuharibu. Ukipitisha sindano toka upande huu mpaka huu usiuvute uzi ukanyooka, uache umepinda kama mwezi mwandamo, halafu chukua kitana usukume katikati kwanza ndo uje pembeni. Ule mpindo ndo uzi wa ziada unaohitajika kuzunguka kila uzi wa mtande, ukiunyima unakwenda kuiba kwenye upana. Chora mistari miwili kwenye boksi ya upana unaoutaka na kila baada ya sentimita mbili upime kwa rula, ukiona umeingia ndani hata milimita tatu fumua saa ile ile, usijidanganye kwamba utarekebisha mbele, mbele hakuna kurekebisha, nimeshapita huko.

Vipimo ningekwambia hivi: upana sentimita 10, urefu wa kipochi sentimita 18, kwa hiyo unafuma kipande kimoja kirefu cha sentimita 36 halafu unakikunja katikati, mkunjo ndo unakuwa chini. Mtande nyuzi 4 kwa kila sentimita, jumla 40, uzi wa pamba wa kroshia uliokazwa vizuri, si ule wa akriliki wa kufumia vikofia vya watoto, ule unavutika kama lastiki na utakutia wazimu. Picha itie upande mmoja tu wa mbele. Nyuma fuma mistari mitupu, wiki sita si nyingi na bibi hatokivaa kinyumenyume.

Najua kuna wanaotanda uzi kuzunguka boksi lote mbele na nyuma wakafuma kwa duara, kikitoka ni mfuko kamili hauna mshono pembeni. Ni kazi nzuri, lakini kwako wewe siitaki, maana nataka hizo pembe mbili zibaki wazi. Nitakwambia kwanini.

Picha yenyewe. Karafuu ina kijiti kirefu kimesimama, na nadhani umeifuma imesimama wima. Pale rangi mbili zinapokutana kwenye mstari wa wima kila moja inageuka kwa uzi wake na haishikani na jirani yake, panabaki ufa. Ufa wa nusu sentimita haudhuru, ufa wa sentimita nne tasbihi itatokea hapo. Unaweza kuzishikanisha rangi mbili kila zinapokutana, moja inapita ndani ya kitanzi cha mwenzake, lakini mstari unakuwa mnene na meno meno. Mafundi wa Ufaransa wa mapazia makubwa ya picha walikuwa wanaifuma picha nzima imelala ubavu ili mistari ya wima igeuke ya mlalo. Kwako wewe dawa nyepesi: ilaze karafuu upande. Kikonyo cha karafuu mtini hakisimami kama askari, kinaegemea, wewe wa Wete unakijua kuliko mie wa Mjini. Mstari wa mshazari unapanda ngazi, kila safu unasogea uzi mmoja na ufa haupati nafasi ya kufunguka.

Na usiifume ya kahawia kavu ile ya kwenye pilau. Ifume mbichi, vichwa vya kijani vinavyoanza kupiga wekundu, maana hivyo ndo zinavyochumwa kabla hazijafunguka ua, na bibi wa Konde akiona kikonyo kimefunguka maua atakwambia mjukuu wangu hizo zishapita wakati umechelewa kupanda.

Ukimaliza kukata kwenye boksi usikimbilie kushona. Uzi uliovutwa wiki mbili ukiachiwa unarudi, kipande kinafupika kidogo. Kioshe maji ya vuguvugu, kilaze kwenye taulo kikauke kwa utulivu, kilale na usiku mmoja zaidi. Mawimbi ya ukanda wako yametoka hapo, uliushona kwenye kitambaa ambacho hakijamaliza kujikunja, kikaja kikajikunja baadaye ukanda ukabaki mrefu peke yake.

Sasa hizo pembe mbili. Usifume ukanda halafu ukaushona. Ufume pale pale kwenye pembe, ukanda wenyewe ndo uwe mshono. Hii wallahi sikuibuni mie, kule London yamechimbuliwa mabaki ya vipochi vya karne ya 14 vimefungwa pembeni namna hiyo hiyo, na ukanda ukifika mdomoni unaendelea juu unakuwa kamba ya kuning'inizia. Nilipoona picha zake niliacha chungu jikoni kikaungua.

Inakwenda hivi. Chukua karata 6 tu, usichukue nyingi, hapa tunataka wembamba. Kila karata nyuzi 4, jumla 24. Urefu: sentimita 18 za pembe ya kwanza, 110 za kamba ya shingoni, 18 za pembe ya pili, hiyo ni 146, tia 15 za kujikunja na nusu mita ya mwisho ambayo karata hazigeuki tena, kwa hiyo kata kila uzi mita 2 na sentimita 20. Yote kwa pamoja ni kama mita 53 za uzi, usije ukanunua kidonge kimoja kidogo ukaishia njiani. Fungia upande mmoja kwenye nondo za dirisha na upande wa pili kiunoni mwako kwa kanga, ukitaka kukaza unajisogeza nyuma ukitaka kulegeza unakuja mbele, hakuna mashine inayoshinda hiyo.

Mshindio wa ukanda usiutie kwenye kibao cha kupitishia uzi, utie kwenye sindano. Kunja kipande chako, pembe zikutane sawasawa, bana kwa pini. Kiweke upande wa kushoto wa ukanda, mbele ya kipochi ikutizame. Geuza karata robo mzunguko, uwazi unafunguka baina ya nyuzi, pitisha sindano toka kulia kwenda kushoto, na ikitoka usiirudishe, itoboe pembe ya kipochi, tabaka zote mbili za mbele na nyuma, kutokea juu kwenda chini. Geuza robo nyingine. Sasa sikiliza hapa ndo wengi wanapoharibu: sindano usiipitishe kurudi kutoka kushoto, izungushe kwa chini ya ukanda uende uingie tena kulia kama mwanzo. Kila safari kulia kwenda kushoto, kulia kwenda kushoto. Ukivuta, ukanda unajiviringisha wenyewe ukaikumbatia pembe, unakuwa kama bomba dogo na mshono hauonekani ndani wala nje. Safu tano sita za mwanzo utaona kama hakuna kitu, nyuzi zimekaa tu ovyo, usikate tamaa, ikifika sentimita mbili utaniombea dua.

Ukifika mdomoni acha kutoboa kipochi, endelea na ukanda peke yake. Hapo unaamua, ukitaka kamba ya bapa mshindio uende na urudi kawaida, ukitaka ya duara uendelee kulia kwenda kushoto. Kwa shingo ya mtu mzima mie napenda bapa, ya duara inakata. Zikitimia sentimita 110 rudi kwenye kipochi, safari hii unaanza mdomoni unashuka na pembe ya pili. Ukikizungusha vizuri utaona kipochi kiko tena mkono wako wa kushoto na mbele inakutizama, kikiwa kulia jua kamba imejipinda, ifungue kabla hujatoboa hata tundu moja. Mie iliwahi kunitokea hiyo nikagundua nshamaliza, kamba ina pindo moja halitoki, kile kipochi mpaka leo nakitilia vifungo.

Jambo jengine la karata ni kusokoteka. Ukigeuza mbele tu bila ya kurudi, nyuzi za nyuma ya karata zinajisokota mpaka zinakaza kama kamba ya jahazi na karata hazigeuki tena. Geuza mbele mara 4 nyuma mara 4, au ukitaka mchoro mrefu mbele 12 nyuma 12, kila ulichokwenda ukirudishe.

Na mchoro! Hapa nna neno na wewe. Najua hiyo michoro ya kwenye simu, mingi ni ya kaskazini ya Ulaya huko, mapembe na mafundo, mizuri haina ubaya. Lakini unamfanyia bibi aliyekufundisha ukili. Ukili unasukwa kwa mshazari, na karata ndo kazi yake kubwa mshazari: ukitia kila karata nyuzi mbili nyeupe na mbili za rangi, na kila karata ukaianza robo moja mbele ya jirani yake, mistari inatoka imelala upande. Karata tatu za kulia ukizitia uzi kutokea juu (karata ikiwa imelala) na tatu za kushoto kutokea chini, na robo za upande mmoja ukazihesabu kinyume cha upande wa pili, mistari inakutana katikati unapata vishale, na ukibadilisha mwendo wa kugeuza vishale navyo vinageuka. Nenda kamtizame bibi mkeka wake mkubwa ule wa wageni, utaona zile rangi za kutia, nyekundu, kijani, zambarau, chagua mbili unazoziona humo. Karata 6 hazitoshi kuiga ukili mzima, lakini yeye atajua. Mtu aliyesuka ukili miaka 60 anasuka huku anazungumza huku anamfukuza kuku, vidole vyake vitausoma huo ukanda gizani.

Picha iwe na rangi nne tano, ukanda uwe na mbili tu na moja wapo iwe imo kwenye picha. Vyote viwili vikipiga kelele kipochi kinakuwa gari ya harusi.

Ndani tia kitambaa cha kanga kuukuu, laini haikwaruzi vioo vya miwani, na ikipatikana kanga yake mwenyewe ya zamani ndo bora zaidi, muibie kwa siri. Ishone mfuko mdogo pembeni, uutumbukize, uushikize mdomoni tu. Na nakuona unavyofikiri, usitie karafuu kavu ndani ili kinukie. Zina mafuta zile, zitatia doa na tasbihi itanuka supu. Asumini siku ya kumkabidhi inatosha.

Kabla ya yote fanya jaribio dogo, kipande cha sentimita 5 kwa 5 ukikifunge pembe moja kwa karata 6. Siku moja tu. Halafu ile sambusa usiitupe, nitumie picha yake na mdogo wako asijue.

*Shangazi mie sina swali nna lawama. Kila toleo mnatuletea mambo ya wazungu, mara vibao mara mapazia ya picha. Sisi tuna vya kwetu.* — Mpenda Asili, Mkunazini

Karibu na lawama zako bwana, baraza ni ya wote. Lakini hebu nikuulize, neno taraza umewahi kulisikia kwa wazee? Limo kwenye kamusi za zamani za Kiswahili, ni ule ukingo mwembamba wa hariri uliokuwa unafumwa kwenye pembe ya kilemba au kikoi, na kitendo chake ni kutarizi, kinafanana na hiki kudarizi tunachokitumia leo kwenye kofia na makanzu. Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu. Kwa hiyo kuongeza ukingo wa kufuma kwenye kitambaa ni jambo la humu humu, jina lake tunalo ila mikono ndo imesahau. Na kufuma kwenyewe ni kwa zamani pwani hii, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo za mji ule zinapelekwa mpaka Misri, na Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vile vigurudumu vidogo vya udongo vya kusokotea uzi wa pamba.

Hao wa Ulaya nao sikatai wanavyo vyao. Norway mwaka 1904 ilichimbuliwa meli nzima iliyozikwa na wanawake wawili ndani yake, mahali paitwapo Oseberg, mazishi ya mwaka 834. Humo ndani vimekutwa vibao 52 na nyuzi zake bado zimo, ukanda haujamalizwa, na mle mle kuna vitambaa vyembamba vya kufuma vyenye picha za watu na farasi na magari. Yaani alichotaka kufanya mwanetu wa Wete, ukanda na picha pamoja, kuna mtu alikuwa navyo vyote viwili nyumba moja miaka elfu na zaidi iliyopita. Na Myanmar huko walikuwa wanafuma kanda ndefu kwa vibao hivyo hivyo, na maandishi yamo ndani ya ufumaji wenyewe, za kufungia vitabu vyao vya dini. Sasa hapo niambie ni vya nani? Mie uzi ukinipendeza nauchukua, kama tulivyoichukua sambusa.

*Mie ni kijana wa kiume wa Jambiani nafuma kanda za funguo nawauzia wageni, wenzangu wananicheka lakini hela naiona. Tatizo langu ukanda ukitoka haulali, unajizungusha kama parafujo. Uzi nimebadilisha mara tatu.* — Kijana wa Pwani

Waache wacheke, kofia wanazovaa wamezishonewa na nani, na makanzu yao ya kudarizi wengi wamedariziwa na wanaume. Uzi hauna kosa. Umetia karata zako zote nyuzi kwa upande mmoja, zote kutokea juu au zote kutokea chini, kwa hiyo kila karata inasokota kuelekea huko huko na ukanda mzima unafuata. Tia moja kutokea juu inayofuata kutokea chini, au nusu ya kulia hivi na nusu ya kushoto vile, zitazuiana. Huna haja hata ya kufungua zilizopo, ishike karata moja iliyosimama uigeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, nyuma iwe mbele, tayari imekuwa ya upande wa pili. Mchoro wako kidogo utabadilika, uangalie. Na zile ulizokwishafuma zipige pasi na maji, zitatulia kiasi lakini si zote.

*Nimemfumia wifi yangu ukanda mwekundu na mweupe, kaufua mara moja umekuwa wa waridi wote. Nilisikia nitie siki na chumvi, nimetia, bado.* — Mama Watoto, Chake Chake

Siki na chumvi tia kwenye kachumbari mpenzi. Uzi ulokwishatiwa rangi dukani rangi yake ikiwa mbovu siki haiishiki. Fanya kabla: kata kipande cha uzi mwekundu kiloweshe maji ya moto, kibane ndani ya kitambaa cheupe kilichorowa mpaka asubuhi. Kikitia doa, uzi wote uoshe kwa sabuni maji baada ya maji mpaka yatoke meupe, na yasipotoka meupe basi huo utumie peke yake usiuchanganye na nyeupe. Mchangani kuna maduka wanakuruhusu kukata kipande kidogo ukajaribu na kuna wengine watakununia. Huo wa waridi mwambie wifi ndo rangi uliyoikusudia.

*Shangazi, mume wangu kaja jioni na wenzake wa barazani wanataka kucheza karata, kakuta pakiti yote imekatwa mraba na imetobolewa. Nimfanyeje?* — Nimefumaniwa, Fuoni

Hapo pole sana, na pole yake yeye. Karata za kuchezea kweli ndo nzuri, zina plastiki juu zinateleza, unazikata sentimita 6 kwa 6 na matundu unatoboa kwa panchi ya ofisini, sentimita moja toka kila pembe, halafu unazikata ncha za pembe ziwe duara zisinase uzi. Pakiti moja ina 52, na kama umesoma hapo juu unajua kuna wanawake wa Norway waliozikwa na 52 zao, kwa hiyo ukitaka kumjibu unaweza kumwambia unafuata historia, ila mie nisingejaribu siku hiyo hiyo. Mnunulie pakiti mpya leo kabla ya magharibi. Na zile jokari mbili kama hujazikata mrudishie.